Je, Tunaruhusiwa Kufurahia Maua?



Mvua zimerudi, na vilima vinavyozunguka makazi yetu vimejaa maua. Mabinti waliotoka kutafuta kuni walileta mengine kanisani ndani ya mkebe wa mafuta, na swali likazuka katika ushirika: mtu aliyeacha nyuma makaburi na nyumba iliyoungua, anawezaje kufurahia ua? Mzee mmoja alisema furaha ya namna hiyo ni kuwasahau waliokufa. Neno lake ni zito, wala hatutaki kulipita haraka.

Tuanzie Galilaya, maana maua tunayosoma habari zake katika Injili ni ya huko. Mvua ya Galilaya hunyesha wakati wa baridi. Ifikapo Februari na Machi vilima huwa kijani, na katikati ya mawe na miti ya mialoni huchanua maua mekundu yaitwayo anemoni. Wengi hudhani ndiyo aliyoyataja Bwana. Mwezi wa Mei majani yamekwisha kukauka, yanafaa kuwashia tanuru tu. Tangu mwaka 2007 kuna njia ya miguu ya kilomita zipatazo 65, kutoka Nazareti hadi Kapernaumu, na majira ya maua ndiyo yapendwayo na wasafiri. (Sisi nauli yetu haifiki huko.)

Njia hiyo hupita penye vilima vya Hattin. Karibu na hapo palikuwa na kijiji ambacho wenyeji wake, Waarabu, walikimbia vita mwaka 1948, wasirudi kukaa tena. Maua huota pale kila mwaka. Hayaombolezi. Hapo tunamwelewa yule mzee: uzuri usiojua yaliyotupata huonekana kama dharau.

Lakini tuangalie Bwana alikuwa akisema na nani. Walikuwa watu chini ya utawala wa Warumi, wanaoulizana watakula nini na watavaa nini. Hao wenye hofu ya kesho ndio aliowaambia watazame maua. Hakusema kwamba ua linashibisha. Wala hakukataza machozi, maana yeye mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro. Tumewaona akina mama wakinyonyesha matangani, wakimtabasamia mtoto huku macho yamevimba kwa kulia. Hakuna aliyesema wamemsahau marehemu. Nao waliokufa, wengi wao walivipenda vilima vya kwetu. Tukifumba macho tusitazame, hatuwapi kitu.

Liko jambo gumu zaidi: vilima hivi si vyetu. Ibrahimu naye alipiga hema penye mialoni ya mtu mwingine, Mamre Mwamori, karibu na Hebroni. Chini ya mti aliwapokea wageni wakati wa jua kali. Alipofiwa na Sara ndipo aliponunua shamba lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha, apate mahali pa kumzika. Kivuli cha mti alikuwa amekifurahia miaka mingi kabla ya hapo.

Katika nchi ya Israeli watu walikuwa wakichuma maua ya porini mafungu kwa mafungu, hata kuyauza. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya kuyalinda, watoto wakafundishwa shuleni, na desturi ikabadilika. Ua ni rahisi kuliacha. Kuni je? Sufuria haichemki kwa kutazamwa, na hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba mti ni wa kupendeza macho. Wenyeji wakinung'unika juu ya miti yao, wana haki. Na mama yule ana njaa nyumbani. Tunaona kuokota matawi makavu na kumwomba mwenye shamba kwanza ni afadhali, ingawa matawi makavu yanazidi kuwa mbali.

Vijana wa kwaya wameomba kwenda kutembea kilimani Jumamosi ijayo, kutazama tu. Wazee wamekubali, na yule mzee amesema atafuatana nao mpaka pale mguu wake utakapomruhusu. Mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji ataarifiwa mapema. Mapanga yabaki nyumbani.