Masufuria ya Msiba

Mama aliacha masufuria kumi na moja. Manne yalikuwa makubwa kupita kiasi, lile la kwanza likimeza kilo 20 za mchele na nafasi ikabaki, na sikumbuki hata siku moja yalipopika chakula chetu sisi wa nyumbani. Yalikaa kifudifudi chini ya kitanda cha chumba cha uani, juu yake masinia, juu ya masinia majamvi yaliyokunjwa. Kwenye tako la kila moja mama aligonga alama kwa msumari: vinukta vitatu vilivyokaa kama mafiga.

Niliporudi Tanga kuishi katika nyumba ile nilikuwa na wazimu mpya. Dar es Salaam nilikuwa nalipia vyumba viwili, kimoja nalala mimi, cha pili vinalala vitu, na siku niliyohama ilinibidi nikodi lori kubeba makorokoro ambayo sikuwa nimeyagusa tangu nihamie. Nikaapa. Nikaanza kusikiliza wale wanaofundisha kwenye simu namna ya kuishi na vichache: kitu kisichotumika mwaka mzima kitoke, kiingiacho kimoja kitoe kingine. Nikajiwekea doti sita za khanga, sahani nne, sufuria mbili. Simu hailali chumbani. Nikishaswali alfajiri nafagia uwanja kabla sijasema na mtu.

Sisemi ulikuwa upuuzi. Uwanja bado naufagia, na saa ile ya ufagio na mchanga na kunguru wachache nisingeibadilisha na kitu. Pesa nayo ilianza kukaa. Nilikuwa mwepesi, na, niseme ukweli, nilikuwa najisikia.

Masufuria ya mama nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mkokoteni na mzani wa kuning'iniza. Alipima, akataja bei, nikakubali bila kubishana, kisha akayapanga chini na kuyakanyaga moja moja yawe bapa ili yaenee. Lile kubwa lilimtaka aruke kwa miguu yote miwili.

Miezi mitatu baadaye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifiwa na mumewe. Kabla ya adhuhuri mjukuu wake akapiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni."

"Bibi anaomba masufuria. Yale ya msiba."

Nilimwambia hayapo. Akaendelea kusimama, kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mkubwa akumbuke alikoweka kitu. Yale ya msiba! Kumbe yalikuwa na jina, mtaa mzima ukilijua, mimi niliyelala juu yake utoto wangu wote sikulijua. Hayakuwa yamekaa mwaka mzima bila kazi. Mwenye kukaa bila kazi yake nilikuwa mimi, kule mbali, nisione yanavyotoka na kurudi.

Nilipogeuka kuingia ndani nikaiona mbuzi ya kukunia nazi imeegemea ukuta wa jikoni. Si yangu. Yangu niliigawa, maana nazi nakula mara mbili tu kwa wiki, na kwa mara mbili hizo natuma kwa jirani. Jirani huyo huyo. Wepesi wangu wote ulikuwa umesimama juu ya mtu ambaye hakutupa vyake.

Tangu siku ile nimewatazama wenzangu wa njia hii kwa jicho jingine. Henry David Thoreau, Mmarekani anayetajwa kila yanaposifiwa maisha mepesi, alianza kujenga kibanda chake kando ya ziwa Walden, Massachusetts, mwishoni mwa Machi 1845, na alikaa humo miaka miwili na miezi miwili. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Shoka la kukatia miti aliazima. Hakuficha, ameandika mwenyewe, kwa majivuno kidogo, kwamba alilirudisha likiwa kali kuliko alivyolipokea. Namheshimu kwa hilo. Ila nashangaa kwamba watu hukumbuka kibanda, mwenye shoka hatajwi.

Na shoka hilo nililijua zamani kutoka mahali pengine. Sura ya 107 ya Qur'ani, Al-Maa'un, ina aya saba tu. Naisoma katika swala tangu utotoni, hasa nikiwa na haraka. Inawaonya wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na inaishia kwa wanaozuia maa'un. Wako wafasiri waliosema neno hilo ni zaka. Lakini imepokewa kwa Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, kwamba ni vile watu wanavyoazimana: sufuria, ndoo, shoka. Miaka yote hiyo nasoma, na sufuria liko chini ya kitanda.

Madrasa tulifundishwa kwamba swali la zuhudi, yaani kuipa dunia kisogo, ni kama mali imekaa mkononi au moyoni. Mahali pa tatu, uani kwa jirani, sikumbuki kama palitajwa. Hata mwanachuoni Al-Ghazali, alipoiacha Baghdad na heshima zake zote mwaka 1095 na kugawa mali yake, anasimulia kwamba alibakiza cha kumtosha na cha kuwalisha watoto wake. Alihesabu vinywa kwanza.

Lakini kabati la vioo la mama ni kesi nyingine. Vile vikombe vya ukingo wa dhahabu, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kufikia cheo cha kunywea, siwezi kuvitetea. Nilivigawa, na hadi leo hakuna mtoto aliyepiga hodi kuviulizia.

Sufuria nimenunua moja, soko la Mgandini, la kilo 15. La 20 lilinishinda bei. Nikaligeuza, nikatafuta msumari, nikagonga vinukta vitatu. Vimekaa upande, mkono wangu si wa mama. Mara ya kwanza lilirudi na bakuli la muhogo wa nazi ndani, maana huku chombo hakirudi kitupu. Sasa liko nyumba ya tatu tangu Alhamisi, kuna hitima. Na mbuzi ya jirani bado iko kwangu.