Tarishi Kabla ya Ofisi

Tabia ya mtu ni mali ya nani? Tunapomsifu mtoto mtulivu na kumlaumu mkorofi, tunasema kana kwamba kila mmoja alikaa kitako akachagua awe vipi. Swali hili ni la zamani, lakini nimelifikiria upya tangu nilipoanza, katika uzee huu ambao muda wa kusoma haunipungukii, kufuatilia maandishi ya wanasayansi kuhusu kemikali za ubongo na kazi zinazofanya mtoto angali tumboni.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, somo la saikolojia lilitugawa makundi mawili. Kundi moja lilimfuata John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliyeifananisha akili ya mtoto na karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu. Kundi la pili lilishika urithi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, niliwasikia walimu wangu wakibishana vivyo hivyo siku za kujaza ripoti, walipofika penye ile nafasi ya “tabia na mwenendo”. Wa karatasi walianza kuhesabu siku ya kuzaliwa, na wa nyoka walimaliza hesabu siku ya kutungwa mimba. Miezi tisa iliyo katikati haikuwa na mtetezi.

Sasa tuzitazame kemikali zenyewe. Baina ya seli moja ya neva na nyingine mara nyingi kuna upenyo mdogo sana, na ujumbe huuvuka kwa kubebwa na kemikali. Otto Loewi alilionyesha jambo hili mwaka 1921 huko Graz, Austria, kwa mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa wa neva wa moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo, akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo bila kuguswa neva yake. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Tangu hapo tumezoea kuziona kemikali hizi kama matarishi wa ofisi: wanachukua barua meza hii na kuipeleka meza ile.

Kilichonishangaza ni kwamba matarishi hawa wapo kazini kabla ofisi haijajengwa. Chukua serotonini, iliyotengwa kutoka kwenye damu mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani. Katika mamalia huonekana mapema mno, wakati mtandao wa neva haujafungwa. Barua haina wa kuipokea. Basi tarishi huyu hushika mwiko wa mwashi: anasaidia kuamua seli zigawanyike namna gani, zihamie wapi, na nyuzi zao zielekee upande upi.

Naye hutoka wapi? Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walieleza habari za panya majike waliokosa jeni ya kutengenezea serotonini nje ya ubongo. Vijusi vyao vilikuwa vidogo kuliko kawaida, na ubongo ulikuwa na kasoro. Mimi niliisoma sehemu inayofuata mara mbili: vijusi vilivyorithi jeni nzima kutoka kwa baba havikupata nafuu yoyote. Kilichohesabika kilikuwa hali ya mama. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani wakaonyesha, tena kwa panya, kwamba kondo la nyuma lenyewe huchukua triptofani kutoka kwenye damu ya mama, likaigeuza kuwa serotonini na kuipeleka kwenye ubongo wa mbele wa kijusi, katika siku za mwanzo ambapo neva zake hazijaweza kujitosheleza.

Kemikali nyingine, gaba, ina kisa cha ajabu zaidi. Katika ubongo wa mtu mzima ni askari wa kutuliza ghasia. Katika ubongo mchanga huamsha badala ya kutuliza, kwa kuwa seli changa zina kloraidi nyingi ndani yake, na mwamko huo husaidia seli kukua na kuungana. Uchunguzi wa panya uliotolewa Ufaransa mwaka 2006 ulionyesha kwamba oksitosini ya mama, ile ile inayosukuma uchungu wa uzazi, huigeuza gaba kwa muda ikawa mtulizaji, ili ubongo wa mtoto upumzike wakati wa msukosuko wa kuzaliwa. Mama anasukuma, na papo hapo anabembeleza.

Hata hivyo tusikimbilie kupiga vigelegele. Mwaka 2000 ilitolewa habari ya panya ambao seli zao za neva hazikuweza kutoa kemikali hizi hata tone. Ubongo wao ulijengeka, tabaka zake zikakaa mahali pake. Baada ya hapo ndipo seli zilipoanza kufa, na panya hao hawakuweza kuishi baada ya kuzaliwa. Anayetaka kusema kwamba kemikali moja ndiyo humfanya mtu awe alivyo, awajibu kwanza panya hao.

Nasema hivi kwa sababu nimeona elimu ya aina hii ikifanywa fimbo. Mwaka juzi tulikaa kikao cha ukoo kuhusu kijana wa miaka 14 aliyesimamishwa shule kwa kupigana. Mzee mmoja akasema chanzo ni mama yake, aliyelia mimba nzima. Kijana mmoja msomi akaongeza, “Babu, hata wataalamu wamethibitisha.” Mama mwenyewe alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, kimya. Alilia mimba nzima kwa kuwa mumewe alifariki mimba ikiwa changa.

Nikamwambia yule msomi, “Mjukuu wangu, wataalamu walipima panya. Panya hana mawifi.”

Watu walicheka, lakini mimi sikuwa nafanya mzaha. Kuwa chanzo cha jambo ni kitu kimoja, na kuwa na hatia ni kingine. Hatia hudai ujuzi na uwezo wa kuchagua. Hakuna mwanamke anayeliamuru kondo lake la nyuma, kama vile hakuna mtoto aliyechagua tumbo la kukaa. Je, basi kijana hawajibiki kwa ngumi zake? Hapo siwafuati wale wanaomwachia kila kitu. Kazi ya ualimu ilinifundisha kutofautisha kumlaumu mtoto na kumdai. Simlaumu kwa mahali alipoanzia, lakini namdai ajitahidi kuanzia hapo, na ninamdai kwa sababu namwona ana uwezo. Mtoto niliyeacha kumdai ningekuwa nimemfuta katika daftari la mahudhurio hali yupo darasani.

Tena mnyororo hauishii kwa mama. Triptofani haitengenezwi na mwili wa binadamu. Huja na chakula: maharage, samaki, karanga, maziwa, mayai. Sisemi kwamba yai huzaa adabu, maana hakuna aliyeonyesha hivyo. Nasema tu kwamba njia ya kufika tumboni inapita jikoni, shambani, na mfukoni mwa watu wengine. Na ziko jamii zetu ambazo hadi leo humkataza mjamzito kula mayai, yakaliwa na wanaume.

Niliwauliza wanakikao ni nani aliyempelekea mama yule chakula wakati wa matanga na baada yake. Mmoja akakohoa, mwingine akaangalia saa. Tuliamua kijana arudi shule chini ya uangalizi wa baba yake mdogo, na katibu akaandika hivyo. Swali langu halikuingia katika kumbukumbu za kikao.