Nani Analipa Safari ya Mgeni Maskini?

Wako watu wasemao kwamba safari ya kwenda kwa rafiki haina bei. Mimi pia nilisema hivyo miaka mingi, mpaka Ijumaa moja nilipotoka Mbau kwenda Butembo kuwaona wenzangu wa masomo, nikarudi Jumapili. Usiku wa kuamkia safari nilikaa mezani na daftari, kama afanyavyo mwalimu mwenye mshahara mdogo, nikaandika gharama zote. Pikipiki kutoka Mbau mpaka Beni, kilomita kama 20. Gari kutoka Beni mpaka Butembo, kilomita 50 na kitu. Kurudi, vivyo hivyo. Kisha nikaandika: kulala, sifuri, kula, sifuri. Nikafunga daftari kwa furaha, maana niliona fedha zatosha.

Nataka tuzungumze, ndugu msomaji, juu ya zile sifuri mbili.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini nilikawia sana kwenda. Sisi wa Mbau tunazo sababu za kukaa nyumbani, wala si sababu za uongo. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012 watu wenye silaha waliwachukua mapadri watatu wa parokia yetu, na tangu siku ile mtu wa kwetu akisikia hodi gizani hajibu upesi. Tangu Oktoba 2014 mauaji yametawanya watu wa Mbau, Oicha na Eringeti. Wengi wamekimbilia Beni na Butembo. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, haikwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Miezi ile hatukupeana mikono. Mgeni alinawishwa maji ya klorini, akapimwa joto la mwili, akatazamwa kama mtu aletaye kifo mfukoni.

Lakini nikisema kweli, vita na ugonjwa vilinifaa kama udhuru tu. Ziko wiki nyingi ambazo njia ilikuwa na amani nami sikwenda. Niliona haya. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nangoja siku ambayo mkono wangu utajaa. Tulikuwa marafiki watatu tuliosoma darasa moja. Mmoja alikufa kwa Ebola huko Butembo mwaka 2019, mimi nikiwa bado nangoja.

Basi, nilikwenda. Nilichukua mkungu mmoja wa ndizi na bidoni ya lita tano ya mafuta ya ngazi. Njia yapita Mavivi penye uwanja wa ndege, yafika Beni, halafu yapanda milima mpaka kwenye baridi, maana Butembo u juu ya mita 1,700. Mji huu wasifiwa kwa biashara. Wafanyabiashara wake wafika hata Dubai na China kutafuta mali. Ndiyo sababu sisi wa vijijini twadhani kila akaaye Butembo ana fedha.

Rafiki yangu anapanga nyumba ya vyumba vitatu. Ndani nilimkuta yeye na mkewe na watoto wao, pamoja na dada yake na watoto wake waliokimbia vita upande wa Oicha. Nilihesabu watu 11, mimi nikawa wa 12. Nilipewa chumba cha wavulana, na wavulana wakapelekwa sebuleni kulala mkekani. Nilipewa pia blanketi nene. Sikuuliza ni la nani.

Huku kwetu mgeni hula shambani. Muhogo umekwisha kulimwa, sombe i nyuma ya nyumba, kuni ziko msituni wakati msitu una amani. Mgeni akija, mama huongeza konzi moja ya unga chunguni, na mambo yamekwisha. Mjini sivyo. Mjini kila kitu kinapita katika mikono ya mwenye duka kabla ya kufika kinywani: makaa yanapimwa kwa mkebe, chumvi inanunuliwa kidogo kidogo, hata sombe ina bei. Nilikuwa najua hayo kwa kuyasikia. Jumamosi niliyaona. Mama wa nyumba alimtuma mtoto dukani mara tatu, akarudi na vitu vidogo vidogo. Mara ya nne mtoto akarudi mikono mitupu, akasema kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watoto, kwamba mwenye duka anataka kwanza deni la juzi. Rafiki yangu akacheka, akaendelea kunisimulia habari za mpira. Mkewe aligeuza uso.

Jioni tulikula samaki wa Ziwa Edward. Alikuwa mtamu sana, nami nilimmeza kwa shida.

Usiku ule nikafikiri: Je, nimefanya vibaya kuja?

Najua watu wa namna mbili watanijibu. Wa kwanza watasema: Ndiyo, kaa kwako mpaka upate fedha, asiye na kitu asitembee. Hao nitawapeleka kwa mjane wa yule mwenzetu, ambako tulikwenda Jumamosi mchana na kilo moja ya sukari. Nilikuwa nimeficha ile sukari chini ya koti kwa aibu. Mjane hakutazama mikono yetu hata kidogo. Aliuliza neno moja tu: "Mbona hamkuja?" Nilimtajia vita, nikamtajia ugonjwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema majirani wenye woga walikuja wakasimama barabarani wakalia kutoka mbali. Sikuwa na jibu. Tena, ikiwa wenye fedha peke yao ndio wenye ruhusa ya kuwa wageni, basi kutembeleana kutakuwa biashara kama biashara nyingine za Butembo.

Wa pili watasema: Usihangaike, rafiki hahesabu. Jibu hili lapendeza zaidi, na kwa sababu hiyo nalichukia zaidi. Mwenye kukaa mezani hahesabu kwa sababu yuko mtu jikoni ambaye anahesabu kwa ajili yake. Mume asema karibu. Mke afanya hesabu ya ile karibu. Nimesikia hotuba nyingi za kusifu ukarimu wa Waafrika, nami mwenyewe nimetoa moja shuleni. Sijasikia bado hotuba ya namna hiyo kinywani mwa mama aliyetoka kuchota maji.

Mgiriki Aristotle alitenganisha urafiki wa faida, urafiki wa kupendezana, na urafiki wa watu wema wanaotakiana mema. Ule wa faida, asema, hufa faida ikiisha. Nilijiuliza wangu ni upi, ikiwa safari yangu ni rahisi kwa sababu tu kitanda na samaki vinalipwa na mwingine. Mgeni wa kweli na mtu anayekutumia wanakula sahani ileile, wanalala chini ya blanketi lilelile. Huwezi kuwatambua kwa kupima walichokula. Naona tofauti yao iko hapa: mmoja ajua amekula nini, mwingine hataki kujua. Kosa langu basi halikuwa kupokea. Kosa langu lilikuwa kuandika sifuri mahali palipokuwa na deni la dukani, na watoto waliolala chini katika baridi.

Usiku huohuo likanijia wazo la kuacha nauli yangu yote chini ya mto na kurudi Beni kwa miguu. Nilijiona mtu mwema sana kwa muda mfupi. Lakini Seneca wa Roma, aliyeandika vitabu saba juu ya fadhila, aliona kwamba mtu anayefanya haraka kurudisha fadhila huibeba kama mzigo autakao kuutua. Ningeziacha zile fedha, ningemwambia rafiki yangu: Tumemalizana. Mtu humalizana na mwenye nyumba ya wageni, hamalizani na mwenzake wa darasa.

Hata hivyo kunyamaza kulikuwa uongo. Jumapili baada ya Misa niliwaomba wote wawili waketi, nikasema: "Shemeji, nimeona. Sina cha kulipa, lakini sitaki kuondoka kama mtu aliyekula kitu kidogo." Rafiki yangu alikasirika. "Unatuhesabia chakula, ndugu yangu?" Mkewe alikaa kimya, kisha akasema: "Mwache. Wageni wengi wamepita hapa, huyu ameona." Halafu, jambo ambalo sikulitaka, akamtajia mumewe jumla ya deni la dukani. Mume hakuijua. Walitazamana kwa muda, nami nilitamani kuwa mahali pengine. Hata leo sina hakika kama nilifanya vema kusema mbele ya wote wawili, au ilinipasa kumshukuru mama peke yake. Walisindikiza gari pamoja, hilo naweza kusema.

Bidoni yangu ilirudi Mbau imeoshwa, imejazwa maharage. Nilimkatalia yule mama, naye akaiweka garini mwenyewe.

Nyumbani nilifungua daftari, nikafuta zile sifuri mbili. Nilishika kalamu kitambo, nisijue niandike hesabu gani mahali pake, nikapaacha wazi. Rafiki yangu ameahidi kwamba njia ikiwa na amani watakuja Mbau wakati wa likizo kubwa, yeye na mkewe na wavulana wawili. Nilipompa mke wangu habari hii aliuliza watalala siku ngapi. Nilitaka kumjibu kwamba rafiki hahesabiwi siku. Nikanyamaza, nikaenda naye kuhesabu mikeka.