Kiapo Kilichokataliwa

Katika kitabu chake Muwatta, Imam Malik amesimulia kesi iliyofika mbele ya Khalifa Uthman bin Affan. Abdallah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba asidaiwe kasoro yoyote itakayojitokeza. Mnunuzi akarudi kulalamika: mtumwa ana maradhi, na yeye hakuambiwa. Bin Umar akashikilia sharti lake. (Bidhaa yenyewe ilikuwa mwanadamu, jambo ambalo msomaji wa leo halipiti bila kukunja uso.) Uthman alimtaka muuzaji aape kwamba wakati wa kuuza hakuyajua maradhi yale. Bin Umar akakataa kuapa, akamchukua tena mtumwa, ambaye alipona na kuuzwa kwa dirhamu 1,500.

Kukataa kuapa si lazima kuwe kukiri. Ila tazama swali lilivyohama: sharti lilikuwepo, maradhi yalikuwepo, na bado kilichokata shauri ni kile muuzaji alichokijua.

Sharti lenyewe halijafa. Hadi leo risiti nyingi madukani zimeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Wanafalsafa nao waliligombania swali la kile muuzaji anachokijua. Mwandishi wa Kirumi Cicero anawaleta Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso wabishane juu ya mfanyabiashara anayepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, huku akijua meli nyingine zinamfuata. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes anaona kunyamaza si kuficha. Antipater anaona ni kuficha, na Cicero anamuunga mkono. Hoja ya Diogenes si ya kijinga, kwani soko ambalo kila muuzaji analazimika kutangaza kila anachokijua lingesimama. Lakini bei ya nafaka kesho ni jambo moja, na kasoro iliyomo ndani ya kitu kinachouzwa ni jambo jingine.

Kasoro ya namna hiyo ilikuwemo kwenye Chevrolet Cobalt na magari mengine ya General Motors. Swichi ya ufunguo ilikuwa legevu. Goti likigusa ufunguo, au ukilemewa na shada zito la funguo, injini ilizimika gari likiwa mwendoni na mifuko ya hewa isifunguke ajali ikitokea. Mwaka 2005 kampuni iliwaelekeza mawakala wawashauri wateja wapunguze uzito kwenye funguo zao. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ililitazama suala hilo mwaka 2007 na tena 2010, na mara zote mbili haikufungua uchunguzi rasmi. Magari yapatayo milioni 2.6 yaliitwa yarudishwe kurekebishwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia wa kampuni ukakubali madai ya vifo 124.

Aliyekataliwa malalamiko huko Marekani hana mlango mmoja tu. Sheria ya California ya mwaka 1970 humlazimisha mtengenezaji kubadilisha gari lenye dhamana au kulinunua tena endapo imeshindikana kulitengeneza baada ya majaribio ya kutosha. Hapo haiulizwi nani alijua nini. Huhesabiwa safari za gereji, ndiyo maana hati za matengenezo ni mali kuliko maneno makali. Mtu yeyote pia anaweza kuiomba mamlaka ile ya usalama barabarani ichunguze kasoro, nayo ikikataa inapaswa kuchapisha sababu zake hadharani. Ni haki ndogo, lakini kukataliwa kwa sababu zilizoandikwa kunampa mtu kitu cha kupinga.

Anayetaka kufika kwenye swali la Uthman hana budi kwenda mahakamani, ambako wahandisi huhojiwa chini ya kiapo. Wazazi wa mwanamke aliyefariki Georgia mwaka 2010 akiendesha Cobalt walifanya hivyo. Mtaalamu wa wakili wao aligundua kwamba swichi za magari mapya zilikuwa zimebadilishwa huku namba ya kipuri ikiachwa ileile. Mwaka 2013 mhandisi aliyeisanifu swichi hiyo aliapa kwamba hakuidhinisha mabadiliko yoyote. Familia ikakubali kulipwa, kesi ikafungwa. Mwaka uliofuata ikaibuka hati ya 2006 inayoidhinisha mabadiliko hayo, ikiwa na saini yake, na wazazi wakarudi mahakamani kudai kesi ifunguliwe upya.