Nani Anamheshimu Mzee?

Yupo mama mmoja mtaani kwetu ambaye siku hizi haonekani katika Umoja wa Akina Mama. Si kwamba amepoa. Mama mkwe wake ameshikwa na ugonjwa wa usahaulifu; usiku huamka akitaka kwenda shambani, na mchana humwuliza mkamwana wake, "Wewe ni mtoto wa nani?" Watoto wa bibi huyo wako mjini. Hutuma fedha kila mwezi, nasi twawasifu kwamba wanamheshimu mama yao. Je, ni kweli?

Swali hili liliwasumbua Wajapani pia. Kwao, kama kwetu, desturi ilimtwika mke wa mwana kazi ya kuwatunza wakwe. Serikali ilipoandaa bima ya utunzaji wa wazee, watu walibishana: je, familia zipewe fedha? Ujerumani ilikuwa imekwisha kuanza bima kama hiyo mwaka 1995, na huko familia yaweza kuchagua fedha au watu wa kuja kusaidia. Vyama vya wanawake vya Japani vilipinga fedha. Hofu yao ilikuwa kwamba mkamwana atafungwa zaidi, maana sasa ataambiwa amelipwa. Basi bima ilipoanza mwaka 2000 ilitoa msaada wa kazi yenyewe: mtu wa kuja kumwogesha mzee, mahali pa kumpeleka mchana, na kitanda cha siku chache ili mtunzaji apumzike. Kila mtu wa miaka 40 na zaidi huichangia.

Mwaka 2004 hata jina la ugonjwa lilibadilishwa, kwa kuwa lile la zamani liliandikwa kwa alama zenye maana ya upumbavu. (Kwetu wako wazee walioitwa wachawi kwa kosa la kusahau tu.)

Wengine husema serikali ikiingia nyumbani, watoto watauacha wajibu wao. Mimi sikubali. Amri ya tano iliwaamuru watoto, mkamwana haikumtaja. Tumemwachia yeye, kisha tunaita jambo hilo desturi njema.

Najua hatuna fedha kama za Japani. Zanzibar tangu mwaka 2016 huwapa pensheni wazee waliofika miaka 70, na ni jambo jema sana. Lakini fedha hazikeshi na mgonjwa.

Juma lililopita nilimwuliza yule mama angependa serikali imsaidie nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Mtu wa kukaa na bibi siku ya Alhamisi, niende Umoja."