Je, Sauti Iliyosahihishwa Ingali ya Mwimbaji?

Miongoni mwa maswali ambayo sisi walimu wa lugha huyakwepa ni hili: mtu akiisahihisha kazi ya mwenzake mpaka ikapendeza, kazi hiyo imebaki kuwa ya nani? Mimi sikukutana na swali hili darasani, bali chumbani, mbele ya kompyuta ya mpwa wangu.

Kijana huyu, nikaaye naye hapa Kampala, ni mpenzi wa muziki wa roki. Yeye na wenzake hawana fedha za kukodi studio, kwa hiyo hurekodi nyumbani. Mablanketi hutundikwa madirishani ili kupunguza mwangwi na mngurumo wa bodaboda. Kisha kila chombo hurekodiwa peke yake: dramu kwanza, halafu gitaa la besi, gitaa la umeme, na mwisho sauti ya mwimbaji. Hutumia programu huria iitwayo Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis. Humo kila sauti hukaa katika mstari wake, na kuchanganya ni kuamua ipi ipande, ipi ishuke, ipi isikike kushoto na ipi kulia.

Siku moja binti anayewaimbia alitetereka katika ubeti wa pili. Mpwa wangu, bila kumwambia, akaipitisha sauti ile katika kisahihishi cha kompyuta, ambacho huivuta kila noti iliyopotoka mpaka ikae mahali pake. Binti aliposikiliza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, wimbo ni mzuri. Lakini huyo anayeimba simjui."

Mpwa wangu akanigeukia. "Mjomba, nimekosa nini? Si nimemsaidia tu?"

Nilitaka kumjibu kwamba kusahihisha ni kudanganya. Lakini je, ni kweli? Mwaka 1967 kundi la Beatles la Uingereza lilitoa wimbo "Strawberry Fields Forever". Wimbo huo uliunganishwa kutokana na rekodi mbili zilizotofautiana kwa kasi na hata kwa ufunguo. Mafundi wakazirekebisha kasi mpaka zikalingana. Hivyo hakuna siku hata moja ambayo wanamuziki wale waliupiga wimbo ule kama tuusikiavyo. Hata hivyo ni nani aliyewaita waongo? Wao wenyewe ndio waliotaka mchanganyiko ule.

Je, tuseme basi kwamba kilicho safi daima hushinda? Hilo nalo halisimami. Mwezi Januari 1982 mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alijirekodi nyumbani, katika jimbo la New Jersey, kwa kinasa sauti cha kaseti chenye njia nne tu. Nyimbo zile zilikuwa za majaribio. Baadaye alizijaribu studioni pamoja na bendi yake, lakini hakuridhika. Na Septemba mwaka huohuo kaseti ile ya nyumbani ndiyo iliyotolewa, ikiitwa "Nebraska". Naye alichagua mwenyewe.

Tazama sasa mfano wa tatu, ingawa si wa roki. Vijana wawili wa kundi la Milli Vanilli walitunukiwa tuzo ya Grammy Februari 1990, wakanyang'anywa Novemba, ilipobainika kwamba sauti zilizosikika katika santuri zao hazikuwa zao. Hapo rekodi yenyewe haikuwa na dosari. Kilichooza ni maficho. Msikilizaji alipewa jina moja na sauti nyingine.

Kwa maoni yangu, basi, ubaya haumo katika kusahihisha. Umo katika kusahihisha kwa siri: kumficha mwenye sauti, au kumficha anayesikiliza. Na ajabu ni kwamba fundisho hili limo ndani ya chombo chenyewe. Ardour hutolewa chini ya leseni ya GNU GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Lakini anayeigawa baada ya kuibadilisha hana budi kueleza kwamba ameibadilisha, na kuwapa wanaoipokea msimbo wake. Badilisha upendavyo, ila usifiche! Kijana wetu alikitumia chombo cha uwazi kwa kazi ya siri.

Yawezekana msomaji akauliza, "Jambo dogo la noti mbili tatu latuhusu nini sisi walimu?" Nami sina budi kukiri. Miaka kadhaa iliyopita niliipokea insha ya mwanafunzi wangu kwa ajili ya shindano. Ilikuwa nzuri, lakini yenye kutetereka. Usiku ule kalamu yangu nyekundu haikutosheka na tahajia. Niliandika upya aya nzima nzima, nikaipeleka bila kumwambia. Insha ikashinda. Mtoto aliposomewa mbele ya shule aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni haya. Tangu siku ile hakuniletea tena maandishi yake kwa hiari. Maneno ya yule binti ndiyo yaliyonifahamisha alichokuwa akikisikia mwanafunzi wangu: insha ni nzuri, lakini huyu aliyeiandika simjui.

Kwa bahati njema, Ardour haiiharibu rekodi ya awali. Marekebisho hukaa juu yake tu. Mpwa wangu alikizima kisahihishi, na sauti ya binti ikarudi kama alivyoiimba. Akamwomba radhi. Binti akaimba tena mara tatu, akachagua ile ya pili, ambayo noti yake moja ingali imeshuka kidogo. Noti nyingine moja aliomba mwenyewe isahihishwe, na ikasahihishwa.

Insha ya mwanafunzi wangu haikuwa na kitufe cha kuzima. Daftari lake la awali sikulihifadhi. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu tulijadili jambo hili pamoja na wanafunzi wetu: kalamu yetu ikome wapi, na kabla haijagusa, tumuulize nani?