Rukhsa ya Msafiri wa Nusu Saa

Kutoka uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mpaka ule wa Chake Chake, Pemba, ni yapata kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, na ndege ndogo huzimaliza kwa nusu saa, hata aliyestaftahi kwake Unguja huweza kushuka Pemba jua halijapanda sana, hali wazee wetu waliopanda jahazi walingojea upepo, wakalala baharini, wakafika nguo zimewakauka chumvi. Nimewasikia watu wema, ambao nia zao sizitilii shaka, wakiuliza iwapo abiria huyu wa angani ni msafiri kisharia, apate kukusuru adhuhuri na alasiri kwa rakaa mbili mbili, au aone haya kupokea rukhsa ya watu waliovuka majangwa juu ya migongo ya ngamia.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Minhaj yake imedurusiwa katika darsa za mwambao huu vizazi kwa vizazi, aliikadiria safari ndefu kuwa maili 48 za Kihashimu, ambazo wengi wa zama zetu wazihesabu kuwa kilomita 80 na ushei; kisha akabainisha kwamba bahari hukumu yake ni ile ile ya bara, na kwamba mwenye kuzikata maili hizo majini kwa saa moja tu, naye hukusuru. Mtu wa Sham, ambaye hakupata kuona mashua ya injini, seuze ndege, alimjibu abiria wetu karne saba kabla hajazaliwa!

Mashaka ndiyo hekima ya rukhsa, lakini hayakufanywa mizani yake, kwani hayana kipimo: lau kila mtu angeachiwa apime uchovu wake, mwenye takaburi angejidai hachoki, na mvivu angechoka angali mlangoni pake. Maibadhi, ambao misikiti yao imo humu humu mjini Unguja, wameiweka safari kwenye farsakh mbili, na Mahanafi kwenye mwendo wa siku tatu; wamekhitilafiana katika kadiri, wala hapana aliyemtaka msafiri athibitishe uchovu wake. Na Sayyidna Umar alipouliza kwa nini sala ipunguzwe ilhali watu wamekwisha kupata amani, Mtume (S.A.W.) alimfahamisha kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, akaamrisha ipokewe.

Mshafii akitimiza rakaa nne hana lawama, na katika safari isiyofikia mwendo wa siku tatu huenda ndiyo afdhali. Ninachokikataa ni kuzitimiza kwa kuidharau rukhsa, kana kwamba kiti laini cha ndege kimemtoa mtu katika hali ya ugeni. Basi ewe ndugu yangu, adhuhuri ikikukuta Chake Chake, nawe hukunuia kukaa huko siku nne kamili, swali rakaa zako mbili bila ya wasiwasi, na sadaka ya Mola wako uipokee kwa mikono miwili.